Nilichojinyima Kinamfikia Nani?

Mhadhara wa Kwaresima



Nimeombwa niseme juu ya Kwaresima na utunzaji wa mazingira. Najua wapo waliosikia kichwa hiki wakadhani Kanisa limeishiwa la kuhubiri, sasa linaazima hotuba za wizara. Mazingira, wanasema, yana siku yake mwezi Juni, yana maofisa wake na semina zake. Kwaresima ni ya toba, ya Njia ya Msalaba, ya kitubio. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa wanaitetea Kwaresima. Lakini jioni ya leo nataka kuonesha kwamba mtu akiufuata mfungo mpaka mwisho wake, bila kuukatisha njiani, atajikuta mbele ya jiko la mkaa, kando ya mtaro wa maji ya mvua, na kwenye kingo za mto Ruvu. Atafika huko kwa sababu huko ndiko aliko jirani yake.

Swali langu ni moja, nalo naomba kila mmoja aende nalo nyumbani: nilichojinyima kinamfikia nani?

Mfungo una mpokeaji

Siku ya Majivu tunasomewa sura ya sita ya Injili ya Mathayo, ambamo Bwana anafundisha juu ya sadaka, sala na kufunga kwa pumzi moja. Sisi tumeyatawanya mambo hayo. Tunafunga Ijumaa, tunasali jioni kwenye jumuiya, tunatoa sadaka Jumapili kutoka kwenye mshahara ambao mfungo haukuugusa. Kila kimoja kina siku yake na kapu lake, wala havijuani.

Waliotutangulia hawakufanya hivyo. Katika karne ya 2, Mkristo mmoja wa Roma anayejulikana kwa jina la Herma aliandika kitabu kiitwacho Mchungaji, kilichosomwa sana katika Kanisa la mwanzo. Humo anafundishwa namna ya kufunga. Siku ya mfungo ale mkate na maji tu. Kisha akadirie gharama ya chakula ambacho angekila siku hiyo, aitenge, na ampe mjane, au yatima, au mtu mwingine mwenye shida. Angalieni jinsi maagizo hayo yalivyo wazi. Kuna hesabu ndani yake, na kuna mtu anayengoja mwisho wa hesabu hiyo. Asipopata mjane, mfungo wa Herma haujakamilika, hata kama tumbo lake lilishinda tupu kutwa nzima.

Tuupime mfungo wetu kwa kipimo hicho. Nimeacha nyama siku ya Ijumaa, kisha fedha ileile na nyingine juu yake nikanunulia kamba na samaki wa kukaanga: hapo nimebadilisha ladha. Nimeacha bia kwa siku 40, nikaweka fedha kando ili Jumapili ya Pasaka nifidie yote kwa siku moja: hapo nimeahirisha matumizi. Mwili wangu umepata mazoezi, na mazoezi yana faida yake. Lakini hakuna mtu hata mmoja katika mtaa wangu ambaye maisha yake yamekuwa tofauti kwa sababu mimi nilifunga.

Nabii Isaya, katika sura ya 58, anaongea kwa ukali zaidi. Anawaonesha watu wanaoinamisha vichwa na kulalia magunia, huku siku hiyohiyo ya mfungo wanawakamua wafanyakazi wao. Mungu anaukataa mfungo wa namna hiyo. Anataka minyororo ifunguliwe, mwenye njaa agawiwe chakula, asiye na makao akaribishwe ndani. Ndiyo maana kabla sijataja mti wala mto, ni lazima niseme hili. Kama dada wa kazi nyumbani kwangu hajalipwa mshahara wa miezi miwili, Kwaresima yangu inaanzia kwenye mshahara huo. Kama nina deni kwa mama wa genge ambaye mtaji wake wote ni meza moja ya nyanya na vitunguu, Kwaresima yangu inaanzia mezani pake. Hakuna mche utakaoweza kulifunika deni hilo.

Ndugu zetu Waislamu wanalielewa somo hili vizuri, nasi tunaishi nao ukuta kwa ukuta. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla. Mtaa mmoja, nyumba hii inafunga na nyumba ile inafunga. Katika mafundisho yao kuna zaka ya fitri, ambayo Mwislamu mwenye uwezo huitoa kabla ya swala ya Idi ili maskini naye awe na chakula siku ya sikukuu. Mfungo unafungamanishwa na mpokeaji, na mpokeaji amewekewa muda ili asisahaulike. Hapo tuna jambo la kujifunza kwa majirani zetu.

Maji ya ubatizo yanatoka wapi?

Sasa nije kwenye mazingira, na nitaingilia mlango wa kanisa.

Kwaresima ilikua pamoja na maandalizi ya wakatekumeni. Hawa ndio waliokuwa wakijiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka, na Kanisa zima likajiunga nao katika kufunga na kusali. Mpaka leo kilele cha safari yetu ni Mkesha wa Pasaka, padre anapobariki maji, wakatekumeni wakabatizwa, nasi tukarudia ahadi zetu. Maji yale, katika parokia nyingi za Dar es Salaam, yametoka bombani. Yaliyomo bombani kwa sehemu kubwa yametoka mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Na Ruvu inaanzia katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, jiji lilipoingia kwenye mgawo wa maji. Mvua zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, ndoo zikapangwa foleni. Ukame ulikuwa na sehemu yake, na matumizi ya maji huko njiani yalikuwa na sehemu yake. Lakini uwezo wa mto kustahimili ukame unategemea sana hali ya mahali unapoanzia. Misitu ya Uluguru hupokea mvua na ukungu unaotoka upande wa bahari. Majani huzuia nguvu ya matone, mizizi na mboji huyaacha maji yazame taratibu, nayo chemchemi huyatoa kidogo kidogo hata miezi ya kiangazi. Mteremko ukiachwa wazi, mvua ileile inageuka kuwa mafuriko ya siku mbili yaliyobeba udongo, na kiangazi mto unabaki mchanga. Bwawa linalojengwa Kidunda litatusaidia kuhifadhi maji, nasi tunaliombea likamilike. Lakini hata bwawa hujaa tope pale milima inapokuwa uchi.

Basi mwenye kubatizwa mjini anadaiwa na mkulima wa mlimani ambaye hatamwona maisha yake yote. Mkulima yule akiulinda mteremko, mtoto wa Tandika anapata maji. Akilazimika kuukata msitu ili alime, mtoto wa Tandika anapanga foleni na ndoo. Hapa ndipo jirani wa Injili anapoonekana tena, na safari hii yuko mbali, kilometa nyingi juu ya mto.

Upo uzi wa pili unaotuunganisha na watu wale, nao ni mkaa. Dar es Salaam ndilo soko kubwa kuliko yote la mkaa nchini. Magunia yanayoingia kwa malori na pikipiki yanatoka Pwani, Morogoro, Tanga na Lindi, na mengi ni mti wa miombo uliochukua miaka mingi kukua. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 mpaka 2 tu za mkaa; kinachobaki hupotea kama moshi na joto. Takwimu za Serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kilimo cha kuhamahama, moto na upanuzi wa mashamba vimo katika hesabu hiyo, na mkaa wetu umo.

Naomba tusimrushie lawama mchoma mkaa. Yule ni mtu anayelala porini kulinda tanuri, anavuta moshi siku kadhaa, kisha anauza gunia kwa bei ndogo kabla halijapita mikononi mwa wengi na kufika kwetu kwa bei kubwa. Anachoma kwa sababu mimi ninanunua, na kwa sababu mahindi yake hayakufika mwisho wa mwaka. Hali kadhalika mama wa Manzese anayenunua mkaa wa kopo. Anajua kwamba gesi ni safi. Kinachomshinda ni fedha ya kujaza mtungi kwa mkupuo mmoja, wakati kipato chake kinaingia kila siku kidogo kidogo. Nitarudi kwa mama huyu, kwa maana yeye ndiye mpokeaji ninayemtafuta.

Funzo la Uluguru

Milima ile ina funzo la kihistoria ambalo kila anayehubiri mazingira angepaswa kulijua. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Watawala waliona udongo unamomonyoka, mito inachafuka, na kweli ulikuwa ukimomonyoka. Wakaamuru Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali, kwa amri na kwa faini. Kazi ilikuwa nzito mno, sehemu kubwa ikiwaangukia wanawake, na mahali pengi kuchimba huko kuliuleta juu udongo usio na rutuba, mavuno yakashuka. Mwaka 1955 watu walikataa. Kukazuka ghasia huko Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa.

Waliotoa amri walikuwa na hoja ya kweli kuhusu mto. Walichokosea ni kumtwisha gharama yote maskini wa mlimani, faida ikashuka na maji kwenda kwa wengine. Sadaka ya kulazimishwa, inayochukuliwa kwa asiye na kitu kwa manufaa ya mwenye nacho, haina jina la kufunga. Jina lake ni dhuluma, na Isaya alikwisha kuikemea.

Miaka hamsini hivi baadaye, katika kata ya Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine. Watumiaji wakubwa wa maji ya huko chini, wakiwamo wasambazaji wa maji wa Dar es Salaam wa wakati ule na kampuni ya vinywaji, walichangia fedha, na wakulima wakalipwa kwa kila shamba walilolitengenezea matuta, kupanda miti na kuacha kulima kwenye miteremko hatari. Mradi ulikuwa mdogo na ulikuwa na mipaka yake. Lakini haki ndani yake ilielekea upande unaostahili: aliyenufaika chini aliinua mkono kumfikia anayehifadhi juu.

Nayaweka matukio haya mawili mbele yenu kwa kuwa yanatenganisha namna mbili za kutunza mazingira. Ya kwanza humwambia maskini aache. Ya pili huniambia mimi niache, ili maskini apate. Kwaresima ni shule ya hii ya pili.

Na anayekaa chini yangu?

Tumemtazama jirani wa juu ya mto. Yuko na wa chini. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu takriban 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo bonde la Jangwani limefurika mara nyingi, barabara ikifungwa na watu wakihama usiku wakiwa na watoto mgongoni.

Mvua kubwa ni kazi ya mbingu, na mabadiliko ya tabianchi yameziongezea ukali. Lakini maji yanapokuta mtaro umeziba kwa chupa za plastiki, taulo za watoto na mabaki ya ujenzi, yanatafuta njia kwenye chumba cha mtu. Chupa niliyoitupa dirishani mwa daladala mahali pa juu haitapita nyumbani kwangu. Itapita kwa mwingine, na karibu kila mara mwingine huyo ana uwezo mdogo kuliko wangu, kwa kuwa mabonde ndiyo mahali ambapo maskini ameweza kumudu kodi. Masika kwetu huja Machi mpaka Mei, yaani sehemu kubwa ya Kwaresima, na Pasaka yenyewe, huangukia humohumo. Tunapotembea Njia ya Msalaba kila Ijumaa tukimhurumia Bwana aliyeanguka, takataka zetu zinaelea kuelekea kwa watu ambao juma lijalo watapoteza godoro, madaftari ya watoto, pengine na mtoto mwenyewe.

Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli alitamka waziwazi mwaka 1997 kwamba kuharibu viumbe vya Mungu, misitu, maji na hewa, ni dhambi. Papa Fransisko alimrejea katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, na katika waraka huohuo akakataa kukitenganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Wengine waliona lugha hiyo ni mpya. Mkazi wa Jangwani haioni mpya hata kidogo, maana vilio hivyo viwili vinaingia nyumbani kwake kwa mlango mmoja.

Mapingamizi mawili

Nasikia pingamizi la kwanza kutoka kwa vijana wetu wasomi, nalo lina uzito. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Kwa nini basi tufunge sisi, wakati waliojaza hewa hiyo angani wanakaa kwingine? Ni kweli, na Kanisa lazima liendelee kulisema jambo hilo mbele ya mataifa tajiri bila kupepesa macho. Papa Fransisko alilisema tena mwaka 2023 katika wosia wake wa kitume Laudate Deum. Deni la anga ni lao, na walilipe. Lakini Ruvu ni yetu, Msimbazi ni wetu, na jirani aliyefurikiwa ni wetu. Dhambi ya tajiri wa mbali hainipi ruhusa ya kumdhuru maskini wa karibu. Zaidi ya hapo, anayedai haki akiwa ameanza kwake husikika kwa namna nyingine.

Pingamizi la pili ni la mtu wa hali ya chini, nami nalisikia kwa unyenyekevu mkubwa. Anasema: mnanihubiria kufunga, mimi nimefunga mwaka mzima. Nyama naiona Krismasi na Pasaka. Huyu hana haja ya kuongezewa mzigo. Kanisa lenyewe katika sheria yake halimdai kufunga mgonjwa wala mzee, na linawapa wachungaji nafasi ya kuwaondolea waumini mzigo panapokuwa na sababu ya haki. Katika Kwaresima ya namna hii, maskini ni mpokeaji wa kwanza. Tena mara nyingi yeye ndiye mwalimu wetu: hatupi chakula, hatupi nguo, chupa kwake ni kopo la mafuta na ndoo iliyopasuka ni bustani ya mchicha. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Nyumba zinazotupa zinajulikana, na kwenye baadhi yake tumo sisi tuliokaa viti vya mbele humu.

Tufanye nini sasa

Naanzia jikoni, kwa kuwa mfungo huanzia hapo. Chakula chetu cha Kwaresima ni maharage, makande, kunde, mboga za majani. Ni vyakula vyema na vya heshima. Lakini maharage makavu yakitiwa sufuriani bila kulowekwa yanakula mkaa kwa saa nyingi, na hapo mlo wa kujinyima unaweza kuugharimu msitu kuliko mlo wa sikukuu. Loweka maharage na mahindi ya makande usiku, mwaga maji yale, pika kwa sufuria yenye kifuniko kwenye jiko banifu. Bibi zetu walijua kuloweka. Hesabu mkaa uliookoka kwa wiki, na thamani yake iweke kwenye bahasha. Vivyo hivyo thamani ya nyama, soda, bia na vifurushi vya simu ulivyoacha. Bahasha isifunguliwe na familia yenyewe, wala isingoje Pasaka.

Bahasha ziende kwenye jumuiya. Tangu mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kipaumbele katika uchungaji, tumekuwa na chombo ambacho nchi nyingi zinakitamani: kaya chache zinazojuana kwa majina. Jumuiya inajua nani ni mjane, nani amelazwa, ni mama yupi ananunua mkaa wa kopo. Napendekeza kila jumuiya, kwa mfungo wa wanajumuiya wake, imnunulie kaya moja mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, kisha iunde mfuko wa kuwekeana akiba ya kuujaza, mia tano kwa mia tano, kama akina mama wa WAWATA wanavyojua kuendesha mifuko yao. Asibaguliwe mpokeaji kwa dini. Jirani wa Kiislamu mwenye uhitaji akipata mtungi kwa mfungo wa Wakristo, hiyo ni katekesi inayomfikia kila mtu mtaani.

Serikali imezindua mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Vilevile taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa mwanzoni mwa mwaka 2024. Sisi tuna seminari, shule za bweni, hospitali na nyumba za kitawa. Ni taasisi za namna hiyohiyo. Kila mkuu wa taasisi aliyeko hapa ajiulize jiko lake linatumia malori mangapi ya kuni kwa muhula, na wapishi wake wanavuta moshi kiasi gani. Pale ambapo fedha ya kubadilisha jiko haijapatikana, mchango wa Kwaresima wa jimbo ungeweza kuwa na kazi hiyo.

Parokia nayo itazame uwanja wake. Nchini Ethiopia waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi hufunga siku 55 kabla ya Pasaka bila nyama, maziwa wala mayai, na makanisa yao mengi katika nyanda za juu za kaskazini yamezungukwa na misitu ya asili ambayo mahali pengi ndiyo mabaki pekee ya msitu wa eneo hilo. Kwao msitu ni vazi la kanisa. Sisi tumekuwa wepesi wa kukata mwembe ili tutandaze vitofali vya saruji, kisha tukakodi maturubai ya kivuli. Tunaweza kurudisha miti: mwarobaini, mkungu, mwembe, na huko milimani mkangazi na mvule, tukiiepuka mikaratusi kwenye vyanzo vya maji kwa sababu inanyonya sana. Tunaweza kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa kubwa la kanisa. Tunaweza kuamua kwamba kipaimara, jubilei na harusi ukumbini havitumii sahani za kutupa, kama tulivyoizoea marufuku ya mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, ingawa mwanzoni tulidhani haiwezekani.

Na tusione haya kujifunza kwa wenzetu. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), amehimiza upandaji miti kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, hata watu wakamwita Askofu wa Miti, na vijana wa kipaimara katika dayosisi aliyoiongoza wamekuwa wakipanda miche kama sehemu ya maandalizi yao. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na vijana wale hawawezi kuirudisha. Wanachoweza ni kuulinda msitu na mifereji ambayo wazee wa Kichaga waliichimba kupeleka maji kihambani. Wanafanya hivyo wakiwa wanajiandaa kumkiri Kristo mbele ya Kanisa, na hakuna anayewaambia kwamba wamechanganya mambo.

Baada ya Alfajiri ya Pasaka

Nimalizie na Profesa Wangari Maathai. Wengi mnamjua kwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani alilolianzisha Kenya mwaka 1977 na Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Wachache wanakumbuka kwamba alisomeshwa na masista tangu shule za Kenya hadi chuo cha Wabenediktini huko Kansas, na kwamba aliwahi kuwapa Wakristo pendekezo la Pasaka. Alisema kuwa ili Yesu asulubiwe, mtu fulani aliingia msituni akakata mti. Basi Jumatatu ya Pasaka Wakristo wangepanda miti kwa shukrani. Alipofariki Septemba 2011, kwa matakwa yake hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya jeneza lake. Lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi. Alijinyima mpaka kwenye mazishi yake, na alichojinyima kiliufikia msitu.

Nalipokea pendekezo lake na kulileta kwenu. Kwetu Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya taifa, ardhi ina maji ya masika, vijana wa VIWAWA na watoto wa Utoto Mtakatifu wapo. Panda, lakini kila mche upewe kaya ya kuutunza mpaka kiangazi cha pili kipite, kwa kuwa mche unaoachwa Mei hufa Agosti. Jina la kaya liandikwe kwenye daftari la jumuiya, kama tunavyoandika majina ya wabatizwa na wasimamizi wao.

Na daftari hilohilo liwe na ukurasa wa Kwaresima. Upande wa kushoto kiandikwe tulichojinyima kama jumuiya: mkaa, nyama, vinywaji, sherehe. Upande wa kulia aandikwe aliyefikiwa: mjane aliyepata mtungi, mfanyakazi aliyelipwa mshahara aliokuwa akiudai, mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua, mkulima wa mlimani tuliyemchangia miche. Juma Takatifu, kabla ya kwenda kwenye kitubio, kiongozi asome pande zote mbili mbele ya wanajumuiya. Upande wa kushoto ukiwa umejaa na wa kulia mtupu, bado tuna siku chache, na jirani bado yupo. Twendeni kwake.